Kwa Nini Watu Wanazidi Kuhamia Mijini Hata Ajira Zikiwa Haba

Kila matokeo ya sensa yanapotangazwa, au kila wachuuzi wanapoondolewa kando ya barabara, mjadala ule ule hufufuka. Mmoja atasema vijana wamekimbia jembe kwa uvivu. Mwingine atasema wamepumbazwa na taa za mjini. Wa tatu, ambaye mara nyingi ni mwanasiasa, ataahidi kuwarudisha vijijini wakalime. Swali la maana linabaki halijaguswa: kama mjini hakuna kazi, na anayekwenda anajua fika kwamba hakuna kazi, mbona bado anakwenda?

Jibu lipo, na sehemu yake kubwa ni hesabu. Wala si hesabu ya wasomi pekee. Kaya maskini huipiga kichwani kila msimu, na aghalabu huipiga vizuri kuliko wanaozilaumu. Ila kabla ya kuifikia inabidi tutenganishe mambo ambayo kwenye mazungumzo ya kila siku yanachanganywa.

Mji ni nini, na nani anaujaza

Dunia haina kipimo kimoja cha mji. Denmark huita mji makazi ya watu 200 tu yaliyokaribiana. India inataka watu wasiopungua 5,000, msongamano wa angalau watu 400 kwa kilomita ya mraba, na angalau robo tatu ya wanaume wenye kazi wawe wanafanya shughuli zisizo za kilimo. Kwa hiyo ukiona jedwali linalopanga nchi kwa asilimia ya wakazi wa mijini, fahamu kwamba kila nchi imejipima kwa rula yake.

Pia, mji kukua ni jambo moja, na nchi kuwa ya mijini ni jambo jingine. Mji ukitoka watu milioni 1 hadi milioni 2, na vijiji navyo vikaongezeka maradufu katika kipindi hicho hicho, mji umefurika lakini nchi iko pale pale: mgawanyo wa mjini na kijijini haujasogea. Wataalamu wanapozungumzia ukuaji wa miji wa dunia huwa wanamaanisha huo mgawanyo. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2018, wakazi wa mijini walikuwa asilimia 30 ya watu wote duniani mwaka 1950, wakafika asilimia 55 mwaka 2018, na wanatarajiwa kufika asilimia 68 mwaka 2050. Karibu ongezeko lote lililobaki litatokea Afrika na Asia.

Watu wa mjini wanatoka wapi? Wapo waliozaliwa humo humo, wapo waliohamia kutoka vijijini, na wapo ambao hawakusogea hata mita moja: mji umewafuata walipo, au kijiji chao kimekua kikabadilishiwa jina kwenye vitabu vya sensa. Kundi hili la tatu husahaulika sana. Nchini India, makazi yaliyohesabiwa kuwa miji kwa sababu tu yametimiza vigezo vya sensa, bila kuwa na halmashauri ya mji, yaliongezeka kutoka takriban 1,360 mwaka 2001 hadi karibu 3,900 mwaka 2011. Mamilioni ya watu walilala wanakijiji wakaamka wana mji.

Kundi la kwanza nalo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika nchi nyingi zinazoendelea, zaidi ya nusu ya ongezeko la watu mijini linatokana na watoto wanaozaliwa mjini kuzidi vifo vya mjini. Haikuwa hivyo zamani. London ya karne ya 18 ilizika watu wengi kuliko iliowabatiza. Bila wahamiaji ingenyauka. Chanjo, maji safi na dawa vimeigeuza hali hiyo, na ndiyo maana miji ya leo inaweza kuongezeka kwa kasi hata kama barabara zote zinazotoka vijijini zingefungwa. Anayesema "warudi kwao" anawaambia watu ambao wengi wao kwao ni hapo hapo.

Hata hivyo wahamiaji ndio wanaoubadilisha mgawanyo, kwa sababu anayehama anapunguza upande mmoja na kuongeza mwingine kwa wakati mmoja. Na hao watoto wanaozaliwa mjini, wengi ni wa wazazi waliohamia wakiwa vijana. Kwa hiyo turudi kwa mhamiaji.

Shamba linavyomwachia mtu aende

Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alichambua bajeti za kaya akaona jambo ambalo halijakanushwa hadi leo: kadiri kipato cha familia kinavyopanda, sehemu ya kipato hicho inayokwenda kwenye chakula inapungua. Tumbo lina mwisho. Mtu ambaye kipato chake kimeongezeka maradufu hali mara mbili ya alivyokuwa akila; zinazobaki zinakwenda kwenye nguo, ada ya shule, simu, usafiri, matibabu, mabati ya nyumba. Maana yake kwa uchumi mzima ni kwamba nchi inapojitoa kwenye umaskini, mahitaji ya vitu vya shambani yanakua polepole kuliko mahitaji ya vitu vingine vyote. Kazi hufuata fedha inakotumika, na vitu hivyo vingine, tofauti na mazao, havihitaji ardhi pana kutengenezwa.

Hapo ndipo penye kitendawili cha kilimo. Mbegu bora, mbolea na umwagiliaji vikifanya kazi yake, mkulima mmoja analisha watu wengi zaidi, na hivyo wakulima wanaohitajika wanakuwa wachache. Sera inayofanikiwa kuinua tija ya kilimo haiwabakizi watu wote shambani. Baada ya muda inawaachia waondoke. Arthur Lewis, mchumi wa Saint Lucia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, aliijenga hoja hii katika andiko lake la 1954: kilimo cha kujikimu kina watu wengi ambao wakiondoka mavuno hayapungui kwa kiasi cha kuonekana, na sekta ya kisasa inaweza kuwavuta bila kulazimika kupandisha mishahara kwa muda mrefu.

Wapo vilevile wanaoondoka kwa sababu kilimo kimeshindwa. Chukua familia yenye hekta 4 na watoto wanne. Wakigawana sawa, kila mmoja anapata hekta 1. Watoto hao nao wakizaa wanne wanne, kila mjukuu anapata robo hekta: kipande cha mita 50 kwa 50, pamoja na nyumba, choo na njia ya kupita. Katika vizazi viwili ardhi iliyotosha imekuwa bustani. Mjukuu anayeondoka hapo hajakataa kulima. Hana pa kulima.

Halafu kuna majira. Kilimo cha kutegemea mvua ya msimu mmoja kinadai nguvu kazi nyingi wakati wa kuandaa shamba, kupanda na kupalilia, kisha tena wakati wa kuvuna. Katikati kuna miezi ambayo jembe limeegemezwa ukutani huku akiba ya chakula ikipungua. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya pato la mfanyakazi wa shambani kwa mwaka lionekane dogo mno likilinganishwa na la mfanyakazi wa mjini. Ukilinganisha kwa saa iliyofanyiwa kazi badala ya mwaka, na ukizingatia tofauti za elimu, pengo hilo hupungua sana. Haliishi, lakini linapungua. Mkulima si mzembe; kalenda yake ina miezi isiyolipa, na mji hauna miezi ya namna hiyo. Wengi wa wanaoitwa wahamiaji huanza kama vibarua wa miezi miwili mitatu, wakirudi mvua zikinyesha.

Kwa nini kazi zinakusanyika mahali pamoja

Mtu anaweza kuuliza: kama vijijini kuna watu na ardhi ni rahisi, kwa nini mwenye kiwanda asijenge huko? Wengine wamejaribu, na serikali nyingi zimewapa misamaha ya kodi wafanye hivyo. Wengi hawadumu, na sababu inaonekana vizuri ukisimama ndani ya kiwanda cha nguo.

Mashine za kushona hupangwa kwa mstari, kila moja na kazi yake: huyu anaunga mabega, anayefuata anatia mikono, mwingine kola. Nguo inapita kutoka mkono hadi mkono. Mashine ya katikati ikiharibika, walioko mbele yake wanakaa bila kazi na walioko nyuma wanarundika vipande. Katika jiji kama Dhaka, ambako nguo ndizo mhimili wa mauzo ya nje ya Bangladesh, fundi wa mashine hiyo yuko mtaa wa jirani na kipuri kinauzwa dukani. Mstari unaweza kuanza kutembea siku hiyo hiyo. Kiwanda kilicho peke yake mbali kitamsubiri fundi asafiri, au mwenye kiwanda anunue mashine za akiba na stoo ya vipuri. Fedha iliyolala stoo haizalishi. Ongeza vifungo, zipu, maboksi, wakala wa forodha, benki inayoelewa barua za dhamana, umeme usiokatika ovyo: kila kimoja kina gharama ambayo kiwanda kimoja hakiwezi kuibeba, lakini viwanda 200 vinaigawana bila kuihisi.

Kuna pia suala la kupatana. Mwajiri anayetaka mtu mwenye ujuzi adimu anampata upesi penye watu milioni 3 kuliko penye watu 3,000, na mwenye ujuzi huo akifukuzwa leo ana milango mingine ya kubisha kesho. Watu hujifunza kwa kuangaliana pia. Fundi anayefanya kazi mita 10 kutoka kwa mshindani wake hujua mbinu mpya kabla haijaandikwa popote. Mchumi wa Kiingereza Alfred Marshall alishayaeleza haya mwaka 1890, na umri wake haujayachakaza.

Ndiyo maana miji haikui kwa uwiano. Iliyotangulia kuwa mikubwa inazidi kuvuta, na kila kiwanda kinachofika kinafanya mahali hapo pawe pa faida zaidi kwa kinachofuata. Mabwana mipango hawapendi kulisikia hili, kwa sababu ramani hupendeza zaidi viwanda vikitawanywa sawasawa.

Hesabu yenyewe

Sasa tuje kwenye swali la kazi zisizokuwepo. Mwaka 1969 mchumi Michael Todaro, na mwaka uliofuata akiwa na mwenzake John Harris, walitoa maelezo ambayo bado ndiyo mlango wa kuingilia katika mada hii. Walisema mhamiaji halinganishi mshahara wa mjini na kipato cha shambani. Analinganisha kipato cha shambani na mshahara wa mjini *mara uwezekano wa kuupata*.

Tuweke tarakimu za mfano. Shambani mtu anapata 100 kwa mwezi. Kazi rasmi mjini inalipa 200. Ikiwa kati ya wawili wanaotafuta mmoja anapata, thamani ya kwenda ni nusu ya 200, yaani 100. Hapo kwenda na kubaki ni sawa. Uwezekano ukipanda juu ya nusu, watu wataendelea kwenda, ukishuka, watapungua. Kwa hiyo mji wenye kazi rasmi 1,000 utavuta watu mpaka watafutaji wafike 2,000. Elfu moja watakuwa na kazi, elfu moja hawana. Wasio na kazi hawakukosea hesabu. Wao ni sehemu ya hesabu.

Angalia sasa kinachotokea serikali ikiongeza nafasi 200 kwa nia njema. Kazi zinakuwa 1,200. Uwezekano unapanda, habari zinafika vijijini, watu wanakuja mpaka nusu kwa nusu irejee: watafutaji 2,400, wasio na kazi 1,200. Ajira zimeongezeka na ukosefu wa ajira umeongezeka pia. Ni kama foleni ndefu inayofunguliwa dirisha la pili: waliokuwa wamekata tamaa wakakaa nyumbani wanasikia inakwenda haraka, wanakuja, na muda si muda kila mtu anasubiri kama zamani.

Kenya ililiona hili kwa macho mwaka 1964. Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana: waajiri na serikali wangeongeza wafanyakazi kwa asilimia maalumu, na vyama vingeacha kudai nyongeza ya mishahara kwa mwaka mmoja. Tangazo hilo liliwavuta watu kutoka vijijini kuja kujiandikisha, na tatizo lililokusudiwa kumalizwa likabaki kubwa. Todaro aliifahamu Kenya, na mfano huo umetajwa tangu wakati huo.

Hesabu hii ina kasoro moja, nayo ni kubwa. Inadhani asiye na kazi rasmi hana kipato kabisa. Maskini hawezi kukaa mwaka mzima bila kipato. Atachuuza, atabeba mizigo, atafua, ataendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya jioni. Keith Hart, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Accra katika miaka ya 1960, ndiye aliyelifikisha jambo hili kwa wachumi mwaka 1971, na taarifa ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya 1972 ikalieneza jina la sekta isiyo rasmi.

Iingize sasa katika hesabu. Tuseme uchuuzi unalipa 60 kwa mwezi, chini kabisa ya 100 ya shambani. Utadhani hautamvuta mtu. Lakini anayekwenda mjini sasa ana nafasi ya kupata 200 na, akikosa, ana 60 badala ya sifuri. Kwa kazi rasmi zile zile 1,000, watafutaji watafika 3,500: elfu moja wakipata 200, na 2,500 wakipata 60, wastani wao ukiwa 100 kamili. Mji umeongezeka kwa watu 1,500 bila nafasi moja mpya ya ajira rasmi. Tena wale 2,500 wanajua wanapata kidogo kuliko waliobaki nyumbani. Wananunua nafasi ya kusubiri, na uchuuzi ndio unaoilipia.

Umri nao unaingia hapa. Anayechuuza miaka miwili kabla ya kupata kazi rasmi anapoteza 40 kwa mwezi, jumla 960. Akipata kazi anafaidi 100 zaidi kila mwezi, na hasara yote inarudi kabla ya miezi 10 kuisha. Kijana wa miaka 20 ana miaka 40 ya kufaidi. Mtu wa miaka 58 ana nini? Ndiyo maana wanaohama ni vijana, kila nchi, kila zama, wavivu na wachapakazi kwa pamoja.

Anayehama ni familia

Dhana kwamba walio maskini kupita wote ndio wanaokimbilia mjini haishikamani na ushahidi. Kuhama kunataka nauli, chakula cha wiki za mwanzo, na mtu wa kukupokea. Aliye chini kabisa mara nyingi hana hata kimoja. Utafiti uliofanywa mwaka 2008 kaskazini mwa Bangladesh, katika eneo la Rangpur lenye njaa ya kila mwaka kabla ya mavuno, ulizipa baadhi ya kaya takriban dola 8.50, kiasi cha nauli na siku chache za kula, kwa sharti kwamba mtu mmoja aende kutafuta kibarua. Kaya zilizotuma mtu ziliongezeka kwa asilimia 22 ya kaya zote zilizopewa, ulaji wa familia zilizobaki nyumbani ukapanda, na mwaka uliofuata wengi walikwenda tena bila kulipwa na yeyote. Kilichokuwa kimewazuia ni hofu: akienda akakosa, nauli iliyopotea ni chakula cha watoto. Programu hiyo ilipopanuliwa kwa maelfu ya kaya mwaka 2017 haikuongeza wahamaji kama ilivyotarajiwa, na mwaka 2019 shirika lililokuwa likiiendesha likaifunga. Nauli ni kizuizi, ila si kizuizi kila mahali wala kila mwaka.

Kwa hiyo uamuzi wa kuhama ni wa kaya zaidi kuliko wa mtu mmoja. Familia ya wakulima isiyo na bima ya mazao na isiyokopesheka benki hueneza watu wake kama mfanyabiashara anavyoeneza mtaji: wawili shambani, mmoja mjini, pengine mmoja mgodini. Ukame hauui mshahara wa mjini, na kufungwa kwa kiwanda hakukaushi shamba. Huduma za kutuma pesa kwa simu zimeikaza kamba hiyo. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, utafiti umeonyesha kwamba kaya zilizoitumia ziliweza kubaki na kiwango chao cha matumizi zilipopatwa na msiba au ukame, ilhali matumizi ya zisizoitumia yalishuka kwa takriban asilimia 7. Ukiwa na habari hiyo, wazo kwamba mhamiaji amekitelekeza kijiji linakuwa gumu kulitetea.

Miji bila viwanda

Ulaya na baadaye Korea Kusini na China zilihamia mijini zikifuata viwanda. Nchi nyingi za Afrika zimehamia mijini bila viwanda, na hapa ndipo watu husema kuna kitu kimeharibika. Mara nyingi maelezo ni mauzo ya madini na mafuta.

Nchi ikiuza mafuta nje inapata fedha za kigeni bila kuajiri watu wengi kuyachimba. Fedha hizo hutumika. Zinatumiwa na serikali, na wafanyakazi wa serikali, na wakandarasi, na wanaowahudumia wote hao: wauza duka, madereva, walinzi, wapishi, mawakili. Watu hawa wanakaa karibu na mahali fedha inapotoka kugawiwa, yaani makao makuu ya serikali na bandarini. Luanda imekua hivyo kwa mafuta. Wakati huo huo fedha za kigeni zikimiminika sarafu ya nchi inapanda thamani, chakula na nguo kutoka nje vinakuwa rahisi, na mkulima na mwenye kiwanda wa ndani wanashindwa bei. Mji unanona huku vinavyozalisha vikidhoofu.

Mji wa namna hii unaweza hata kurudi nyuma. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970, Zambia, iliyokuwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye wakazi wengi wa mijini, iliona watu wakirudi kulima. Wakazi wa mijini walikuwa karibu asilimia 40 mwaka 1980. Mwaka 2000 walikuwa karibu asilimia 35. Hawakurudishwa na mgambo. Hesabu ilikuwa imegeuka.

Sera za serikali huongeza uzito upande mmoja wa mizani. Kwa miongo kadhaa bodi za mazao katika nchi nyingi ziliwalipa wakulima chini ya bei ya soko la dunia na kutumia tofauti hiyo kugharamia mji. Hospitali kubwa, chuo kikuu, leseni ya kuagiza bidhaa na saini ya katibu mkuu vikawa mahali pamoja. Mfanyabiashara ambaye faida yake inategemea kibali ana kila sababu ya kukaa dakika tano kutoka kwa anayekitoa. Mwaka 1995 wachumi Alberto Ades na Edward Glaeser walilinganisha nchi 85 wakakuta kwamba katika tawala za kiimla mji mkubwa kuliko yote huwa, kwa wastani, mkubwa kwa asilimia 50 kuliko katika nchi za kidemokrasia. Asiye na kura anajisogeza karibu na ikulu.

Kuwazuia, na gharama ya kuwaacha wapange foleni

Sheria za kuwarudisha watu zimejaribiwa sana. Tanzania ilipitisha sheria ya nguvu kazi mwaka 1983 na kuwasaka waliohesabiwa kuwa wazururaji mijini. Dar es Salaam, iliyokuwa na watu wapatao 840,000 mwaka 1978, ilikuwa na milioni 1.36 mwaka 1988. Afrika Kusini ilifuta sheria za pasi, zilizomtaka Mwafrika awe na kibali cha kukaa mjini, mwaka 1986 baada ya kukamata watu kwa mamilioni. China ndiyo iliyofika mbali zaidi: tangu 1958 kila mtu aliandikishwa kuwa wa mahali fulani, mjini au kijijini, na mgao wa chakula, shule na matibabu vikafungwa na uandikisho huo. Mgao ulipokwisha watu walihama, lakini shule na hospitali ziliendelea kudai uandikisho. Sensa ya 2020 ilikuta asilimia 63.9 ya Wachina wakiishi mijini, ilhali walioandikishwa kuwa wa mijini walikuwa karibu asilimia 45. Pengo hilo ni mamia ya mamilioni ya watu wanaofanya kazi mjini bila haki kamili za mjini, wengi wakiwa wamewaacha watoto wao kwa bibi na babu.

Breki inayofanya kazi kweli ni gharama ya maisha. Rudi kwenye hesabu yetu, na tuseme kodi ya chumba na nauli vinamgharimu mkazi wa mjini 70 kwa mwezi zaidi ya anazotumia wa kijijini, awe na kazi au asiwe nayo. Kazi rasmi zile zile 1,000 sasa hazitavuta watu 3,500 bali 1,270 hivi. Baadhi ya viongozi, wakijua au bila kujua, hutumia breki hiyo: hawapimi viwanja, hawapeleki maji mitaa mipya, wakiamini kwamba maisha yakiwa magumu watu hawatakuja. Kwa kiasi fulani wako sahihi, hawaji wote.

Lakini breki hiyo inabana pande zote. Waliozaliwa mjini, ambao ndio wengi, hawana kijiji cha kurudi na wanalipa 70 ile ile. Mtaa uliojengwa bila kupimwa ukija kuwekewa mabomba na barabara baadaye, gharama inakuwa kubwa kuliko kama njia zingeachwa mapema, kwa sababu sasa kuna nyumba za kubomoa na watu wa kulipa fidia. Na mwenye kiwanda cha nguo hawezi kumlipa 200 mfanyakazi ambaye 70 inaishia kwa mwenye nyumba na kwenye daladala. Ili ampate na abaki naye itabidi apandishe mshahara. Shati lake linapanda bei, mnunuzi wa nje anahamia nchi nyingine, na zile nafasi 1,000 zinaanza kupungua.